Vigae vinalia vitupu: kubandua vichache au kubomoa sakafu yote?

Gonga sakafu kwa sarafu. Panapolia kama ngoma, mara nyingi chini hapana gundi ya kutosha. Vikiwa vigae vitatu vinne, kuvibandua hivyo tu ni nafuu: fundi anakwangua viungo (mistari kati ya vigae), anavunja kigae kuanzia katikati ili vya jirani visipasuke, kisha anapaka gundi upya. Kazi ni kupata rangi ileile (masalio usiyatupe kamwe).

Vikilia chumba kizima, au vikiinuka kwa kukosa upenyo wa kutanukia kando ya ukuta, viraka ni kupoteza pesa. Bomoa, uvumilie vumbi. Ila kabla ya nyundo, piga picha na umwite aliyeviweka; ushahidi huondoka na kifusi.