Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 kwenye kituo cha redio ya ridhaa: uzoefu wangu hapa Moshi

Kwa wenye haraka: betri yenyewe ni nzuri na inastahili hela yake. Chaja iliyokuja nayo ni ya wastani. Kontrola ya sola, ile inayosimamia chaji kutoka paneli hadi betri, niliyopewa ndani ya "seti" simshauri mtu yeyote mwenye redio ya HF (mawimbi mafupi yanayofika mbali) aifunge nyumbani kwake. Wasio na haraka tuendelee.

Nakaa Rau, kwenye miti mingi. Masika yakianza, tawi moja likilalia waya wa umeme mtaa mzima unaingia gizani, na kurekebisha kunategemea mvua itaacha saa ngapi. Kituo changu cha redio ya ridhaa, yaani ya kuongea na wenzako wa mbali bila biashara, ni cha kawaida: leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), ishara ya wito, yaani jina la kituo hewani, inayoanza na 5H, redio ya Icom IC-7300, na antena ya waya ya bendi ya mita 40 iliyotandazwa kati ya mwembe na mgrevilea. Tangu maporomoko ya tope ya Katesh kule Hanang, Desemba 2023, nimekuwa nikijiuliza kituo hiki kitafaa nini siku umeme na minara ya simu vikiondoka pamoja upande huu wa mlima. IARU, umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, imetenga kilohezi 7110 kama mahali pa kukutania wakati wa dharura kwa Kanda ya 1, ambamo Tanzania imo, na 14300 kwa dunia nzima. Kuyajua masafa hayo hakusaidii kitu kama redio inaishi kwa soketi ya ukutani.

Kabla ya hapo nilikuwa na betri kavu ya asidi, ile ya kilo karibu thelathini ambayo kuihamisha unamwita kijana wa jirani. Tatizo lake halikuwa uzito. Redio hizi zimeundwa kwa volti 13.8, na zinavumilia kupungua au kuzidi kwa asilimia 15, maana yake chini ya volti 11.7 unacheza na bahati. Betri ya asidi iliyojaa ikiwa imetulia ina volti 12.7 hivi, ikifika nusu inakuwa kwenye 12.2. Sasa bonyeza maikrofoni. IC-7300 ikitoa wati 100 inavuta hadi ampea 21, na kwa mvuto huo volti za betri ya asidi zinaporomoka hapo hapo. Sauti inaanza kukwaruza, mwenzako wa upande wa pili anakwambia hakuelewi, wakati betri bado ina nusu ya chaji unayoshindwa kuitumia.

Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 ina tabia nyingine. Seli zake nne zinaipa volti 12.8 za kuandikwa kwenye boksi, lakini kwa sehemu kubwa ya matumizi yake inakaa kati ya 13.3 na 12.8, karibu bila kushuka, hadi inapokaribia kuisha ndipo inaanguka ghafla. Redio haioni tofauti kati ya betri iliyojaa na iliyobaki theluthi. Kwa mtu wa redio, hiyo ndiyo sababu ya kulipa. Mimi nililipa karibu mara mbili na nusu ya bei ya betri kavu ya ukubwa uleule. Naacha tarakimu maana bei zinapanda na kushuka na dola, na mtu akisoma hapa mwaka kesho ataenda kugombana na muuzaji bure.

Nilinunua Arusha. Kijana wa dukani alikuwa mchangamfu kweli:

"Mzee wangu, hii inasukuma TV na friji mpaka asubuhi. Nakuwekea na inveta, bei ya familia."

"Kijana, friji siisukumi. Nina redio."

"Redio tu, mzee?"

Inveta niliikataa, na nawashauri wenzangu muikatae kwa kituo cha redio. Unachukua umeme wa volti 12, unaupandisha hadi 230, halafu pawasapulai ya redio inaushusha tena hadi 13.8. Kila hatua inakula chaji, na kila hatua inamwaga kelele kwenye bendi. Betri inaingia kwenye redio moja kwa moja, kwa waya mnene na fyuzi, basi.

Kuhusu waya, hapa ndipo nilipoona watu wengi wakiharibu kazi nzuri. Kutoka betri hadi meza yangu ni mita tatu, kwenda na kurudi sita. Waya wa milimita 2.5, ule wa soketi za nyumbani, kwa ampea 21 unakuibia karibu volti 0.9 njiani. Waya wa milimita 10 unaiba 0.2 tu. Fundi aliyekuja kunisaidia alisisitiza kwamba 2.5 "inatosha, mzee, hii si jiko." Kwa volti 230 yuko sahihi kabisa. Kwa volti 12, volti moja ikipotea ni karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya ulichonacho. Fyuzi ya ampea 30 ikae sentimita chache kutoka kwenye ncha ya chanya, si upande wa redio. Kinachowaka ikitokea shoti ni waya, na betri hizi zikishotiwa zinatoa mkondo mkali mno.

Kabla ya kuifunga niliipima, kwa sababu soko la lithiamu lina betri nyingi zilizoandikwa 100 juu na 60 ndani. Niliijaza, nikaunganisha taa mbili za gari za wati 55 na mita ya kuhesabu ampea, nikaiacha iende hadi ilipojizima yenyewe. Ilitoa ampea-saa 97. Sina ugomvi na hilo. Karatasi yake inadai mizunguko 4,000 ya kuijaza na kuitumia. Tutazungumza nikizeeka zaidi.

Hesabu ya muda niliifanya kwa ubahili. Tuseme naongea sehemu moja ya tano ya muda, na muda huo wote nahesabu ampea 21 kamili ingawa kwa sauti mvuto halisi ni mdogo zaidi. Kusikiliza tu ni kama ampea 1.25. Wastani unakuja ampea 5.2, yaani saa 19 hivi kwa betri iliyojaa. Betri ya asidi ya ukubwa huo, usiyotakiwa kuishusha chini ya nusu, isingefika saa 10. Wanaotumia FT8, ile ya kutuma ujumbe mfupi wa kidijitali kwa kompyuta, wahesabu upya, kwa sababu kule redio inatuma karibu sekunde 13 katika kila 15 za zamu yake, tena kwa nguvu kamili. Washushe hadi wati 30, bado watasikika mbali.

Sasa kontrola. Siku ya kwanza yenye jua nilifungua mita 40, nikakuta sindano ya nguvu ya mawimbi imesimama S7, juu kabisa kwa kelele tupu, bila mtu kuongea, na mlio kila baada ya kilohezi chache. Nikaziba paneli kwa blanketi, kimya. Nikatoa blanketi, kelele. Nilipompigia muuzaji alishangaa kwa dhati: "Kelele gani, mzee wangu? Hiyo haina hata feni." Pete za feraiti za kumeza kelele, za mchanganyiko namba 31, waya ukizungushwa mara nyingi pande zote mbili za kontrola, zilishusha kelele hadi S3. Bado nimeweka swichi ya kukata paneli nikitaka kusikiliza vituo dhaifu. Sitaji chapa, maana nimesikia nyingine za bei hiyohiyo zikifanya vilevile. Ukienda dukani beba redio ndogo ya AM, iwashe kando ya kontrola inayofanya kazi, usikie mwenyewe.

Paneli yangu ni ya wati 200. Januari, jua likiwa kali, inarudisha zaidi ya nusu ya betri kwa siku moja. Julai, mlima unapojifunika na wingu kushuka hadi mjini, hata robo siipati, kwa hiyo miezi hiyo naichaji kwa umeme wa kawaida. Chaja ya ampea 20 inahitaji saa tano na ushee, inapiga feni kama mashine ya kusaga, lakini haichafui bendi sana. Imepitia fridgi gadi, kwa ajili ya ule umeme unaorudi kwa kishindo.

Kasoro moja ya betri yenyewe: kwa kuwa volti hazishuki, kupima kwa volti hakukwambii imebaki kiasi gani. Programu ya simu inayounganishwa kwa Bluetooth inaonyesha asilimia, na asilimia hiyo inapotea njia kama betri haijajazwa kabisa kwa wiki kadhaa. Mita ya kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka ni lazima, na haikuwemo kwenye seti. Onyo la karatasi la kutoichaji kwenye baridi chini ya nyuzi sifuri halituhusu, labda uende kufungua kituo Kibo.

Wenye redio za mkononi za VHF, za umbali mfupi, pekee hawana haja ya yote haya. Kwao LiFePO4 ya ampea-saa 20 na paneli ya wati 50 inatosha, na chenji inabaki ya kununulia antena nzuri.