Maungio ya tanuri kuukuu la chokaa: mota ya saruji au ya chokaa?

Mota ni mchanganyiko unaojazwa kwenye maungio, yaani nafasi kati ya mawe. Ya saruji inavutia kwa sababu inashika upesi. Tatizo huonekana baada ya misimu kadhaa ya mvua: ni ngumu kuliko mawe mengi ya zamani na inazuia unyevu, kwa hiyo maji yanayoingia kupitia mdomo wazi wa tanuri hutokea kwenye uso wa jiwe pamoja na chumvi. Maungio hubaki yamechomoza kama mbavu huku mawe yakibanduka maganda.

Mota ya chokaa (uji mzito wa chokaa iliyozimwa kwa maji, sehemu 1, kwa mchanga mkali, wenye chembe za pembe kali, sehemu 3) inadai subira. Kwangua ungio kwa tindo, kina mara mbili ya upana wake, kisipungue milimita 25. Lowesha, shindilia kwa tabaka, kisha funika kwa magunia mabichi wiki nzima au zaidi. Ikikauka haraka hubaki unga unaokwanguka kwa ukucha, maana chokaa hukomaa kwa kunyonya kaboni dioksaidi, na bila unyevu hainyonyi.

Kwa kuta za nje, chokaa bila kusita. Ndani, palipofika nyuzijoto 900, zote mbili hazifai kama tanuri litawashwa tena; hapo ni udongo wa mfinyanzi unaohimili moto.