Apu ya kutafutia maneno marefu ya Scrabble, nimekaa nayo miezi mitatu

Mi nimesoma kayumba, ukweni wote ni English medium, na kila Jumapili pilau likiisha wanatoa bodi ya Scrabble, ule mchezo wa kupanga vibao vya herufi kuunda maneno ya Kiingereza kwa pointi, na anayeliwa ni mimi. Hadi mtoto wa form two ananifunga! Nikaona isiwe tabu, nikashusha hizi apu unazoandika herufi ulizonazo inakuletea maneno.

Kiukweli kazi inafanya. Unaandika herufi zako 7, kile kibao kitupu kinachosimama badala ya herufi yoyote unakiwekea alama ya kuuliza, sekunde tu maneno yamemwagika. Siku ya kwanza niliandika RETINA na S nikaletewa RETAINS, NASTIER, STAINER yaani herufi zilezile, nikabaki mdomo wazi maana ukizimaliza zote 7 kwa mkupuo unapewa 50 za bure juu ya pointi zako.

Sasa shida. Kile kisehemu cha kutafuta neno lenye herufi fulani kinachanganya sana, niliandika QZ ikasema hakuna kitu, nikaamini, wiki nzima najua hakuna neno lenye Q na Z, kumbe ilikuwa inatafuta zilizogandana na kuna kitufe kimejificha huko chini cha kuzitawanya, kukibonyeza tu hao QUARTZ, QUETZAL, EQUALIZE. Halafu inakupangia marefu kwanza bila akili, unapewa neno la herufi 20 wakati bodi ina viboksi 15 kila upande, nikaliweke wapi, ukutani? Matangazo nayo usiseme, bando linaisha unaangalia tangazo la sabuni.

Lililoniuma zaidi ni kamusi. Apu ikija imewekwa orodha ya Marekani, ukweni wanatumia Collins ya Uingereza. Shem akaweka ZO nikabisha kwa kujiamini kabisa, kwenye Collins ipo, kwa sheria za pale ukibisha ukakosea zamu imeenda. Kwahiyo ukishusha tu nenda setingi ubadilishe kabla hujaumbuka kama mimi.

Na msije mkaenda na hizi apu mezani mkaibia, mi naitumia nyumbani usiku kujifunzia. Nilianza na ndoto za marefu, kuna jamaa Massachusetts mwaka 2006 aliweka QUIXOTRY akalamba pointi 365 kwa neno moja, nami nikajua ndo njia. Wapi! Kilichonitoa ni kutafuta maneno yenye Q yasiyo na U, maana Q ikikukalia mkononi bila U unakufa nayo. Nikakuta QI, FAQIR, NIQAB, TALAQ... sasa hayo si fakiri, nikabu na talaka za kwetu? Sikuhitaji hata kukariri. Na ukitumia hiyo Collins utakuta hadi MATATU na SHAMBA zimo.

Nyota tatu na nusu naipa, ile nusu kwa sababu inafanya kazi hata bila intaneti, japo matangazo ndo hayapumziki ukiwa na bando.

Jumapili iliyopita nikaiweka TALAQ, pointi 14, shem akabisha, kamusi ikafunguliwa akapoteza zamu yeye. Ila wife alikuwa ameninunia hadi Tabata tunafika, eti kwa nini maneno yote ya Kiingereza nimechagua hilo, tena mbele ya mama yake.