Alaimenti ya Canter: wamenyoosha usukani, stelingi wameiacha ilivyo

Wakuu, hii ni kuhusu gereji moja ya alaimenti, yaani ya kunyoosha tairi na usukani, hapa Dar, jina silitaji. Lori langu dogo, Canter, liliingia kwao kipindi cha masika likiwa na shida mbili. Usukani ulikuwa unakaa umeinama kulia wakati gari linakwenda sawa, na tairi la mbele kushoto lilikuwa linaliwa bega la ndani. Fundi kafunga vichwa vya mashine kwenye ringi, kaangalia skrini, kalegeza tairodi (fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele), kazungusha, kabana. Usukani bado umeinama. Akafungua nati ya katikati, akaung'oa usukani, akaurudisha ukiwa umenyooka. "Kazi imeisha." Nikamuuliza kwa nini hajagusa dregi linki, fimbo inayotoka kwenye boksi la stelingi kwenda kugeuza tairi. Akanijibu mbele ya vijana wake: "Mzee wangu, wewe endesha, ufundi tuachie sisi."

Ufundi gani huo? Ndani ya boksi la stelingi, linalogeuza mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa dregi linki, kuna sehemu ya katikati ambako meno yamebanana zaidi, ili gari likienda moja kwa moja usukani usiwe na mchezo. Ukihamisha usukani peke yake, kwa macho unaona umenyooka, lakini boksi linafanya kazi nje ya katikati yake. Barabara ya Morogoro utakuwa unarekebisha usukani kila dakika. Ukikata kona upande mmoja gari linakata vizuri. Upande wa pili boksi linaweza kugota ndani kabla tairi halijafika kwenye bolti yake ya kuzuia. Pampu ya stelingi inalia, presha ya mafuta inapanda, sili zinaanza kuvuja. Halafu utaambiwa ununue boksi.

Njia sahihi inajulikana. Chomoa dregi linki kwenye mkono wa boksi, zungusha usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi wa pili ukihesabu mizunguko, kisha rudi nusu. Hapo ndipo katikati, na hapo ndipo usukani unapotakiwa kukaa umenyooka. Nyoosha tairi za mbele, halafu refusha au fupisha dregi linki mpaka iingie kwenye mkono bila kulazimishwa. Kama dregi linki yako ni ya urefu mmoja, isiyo na nyuzi, basi kuna kitu kimepinda au kimehama, nacho kitafutwe: mkono wa boksi, bolti za boksi kwenye chesisi, au ekseli yenyewe.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba gari halikuinuliwa hata kidogo. Tairi moja likiliwa bega la ndani peke yake, cha kwanza kushukiwa ni kingipini, ile pini ya kwenye ekseli ambayo gurudumu hugeukia. Weka jeki chini ya ekseli, na stendi, usiamini jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kingipini na bushi zake. Kisha shika kushoto na kulia, na mwenzako aweke kidole kwenye tairodi endi, yaani kiungo cha mwisho wa tairodi: ikilegea ataisikia. Kuseti alaimenti juu ya kingipini iliyolegea ni kutupa hela, kwa sababu gari likibeba mzigo tairi linalala ndani na kipimo cha kwenye skrini hakipo tena.

Sasa kupima mwenyewe nyumbani. Kwa gari lenye ekseli nzima mbele kama Canter, kinachorekebishwa kwa tairodi ni kitu kimoja tu, tofauti ya umbali kati ya tairi za mbele ukipima mbele na ukipima nyuma. Tafuta sakafu tambarare na ujaze upepo sawa pande zote. Inua tairi, lizungushe huku umeshikilia msumari juu ya kipande cha mbao kilichotulia, uchore mstari mwembamba kuzunguka tairi zima. Fanya hivyo pande zote mbili. Shusha gari, lisukume mbele mita mbili tatu ili bushi zikae, na usilirudishe nyuma. Pima kati ya mistari mbele, kwenye kimo cha habu (kitovu cha gurudumu), kisha nyuma kwa kimo kilekile. Malori mengi madogo yanataka mbele pawe pamebana kati ya milimita 0 na 3. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua.

Tairodi ina nyuzi za kushoto upande mmoja na za kulia upande wa pili, kwa hiyo huhitaji kufungua endi. Legeza klampu, weka dizeli kwenye nyuzi ilale usiku kucha, kesho zungusha kwa paipu spana. Robo mzunguko tu, kisha sukuma gari na upime upya. Tairodi ikiwa nyuma ya ekseli, kuirefusha kunabana mbele. Ukimaliza, kaza klampu huku endi zote mbili zimekaa katikati ya mchezo wake, la sivyo zitagota ukikata kona.

Nilitaka kumalizia kwa kusema gereji za alaimenti ziachwe kabisa. Nikijitendea haki siwezi. Gari likivuta upande, upepo uko sawa, hakuna breki inayong'ang'ania na umeshahamisha tairi za mbele kushoto kwenda kulia bila mabadiliko, tepu haitakuonyesha mlalo wa kingipini wala kombo ndogo ya ekseli ya nyuma. Hapo mashine inahitajika. Ila anza kwa kupima kutoka pini ya mbele ya springi hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Vipimo vikipishana, huenda senta bolti (bolti ya katikati ya springi) imekatika au yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli) zimelegea, na hiyo si kazi ya skrini.

Lakini kwa wale, hata mashine yao siitaki tena. Nimeomba karatasi ya vipimo vya kabla na baada, wakasema printa haina wino. Kingipini nimebadilisha kwa fundi wa Gerezani, dregi linki nimeseti kwa tepu, na usukani umerudishwa kwenye alama yake ya kiwandani. Hela yangu ya alaimenti naitaka, na hilo nimewaambia ana kwa ana.