TAHADHARI: Chasi za Land Rover "zilizochovywa zinki" zinazouzwa Tanga

Ndugu zangu mnaofufua Landrova za zamani majumbani, hasa mlioko Tanga mjini, Muheza na Korogwe, naomba msome hili kabla hamjamtumia hela mtu yeyote anayewauzia chasi, yaani fremu ya chuma ya chini inayobeba gari zima. Nimepigwa shilingi milioni 2 na laki 4. Hela imeniuma, sikatai, lakini kilichonikalisha chini niandike ni kwamba chasi ile ingeingia barabarani ingeua watu, na aliyeniuzia bado anazo nyingine mbili uwanjani kwake. Nimeziona kwa macho yangu.

Gari yangu ni Land Rover ya toleo la Series III, ile ndefu ya inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ya mwaka 1976. Ilitumika shamba la mkonge miaka mingi, kisha ikaachwa chini ya mwembe. Mimi na kijana wangu tunaitengeneza hapa nyumbani Chumbageni, jioni na Jumapili. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 tumeshaifungua na kuifunga, inawaka vizuri. Bodi nayo haikutusumbua, kwa kuwa ni ya aluminiamu. Land Rover zilipoanza mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, wakatumia aluminiamu, na mtindo huo ukaendelea.

Na hapo ndipo wengi tunapoponzwa. Unaitazama bodi haina hata tone la kutu, unasema gari hii nzima, kumbe chini yake kuna chasi ya chuma yenye uwazi ndani kama bomba la mraba. Tope linaingia, maji yanatuama, na kwa hewa hii ya chumvi ya Tanga inaliwa kutoka ndani kuja nje. Mpaka kutu ionekane juu, ndani hamna kitu. Ya kwangu ilikuwa imekwisha upande wa nyuma. Boriti ya nyuma nilikuwa naimega kwa vidole.

Basi nikasikia kuna mtu anauza chasi iliyochovywa zinki, madini yanayokinga chuma kisishike kutu. Nikampigia, akanipangia niende baada ya Magharibi, akidai mchana yuko safarini. Nikaikuta imeegemezwa ukutani chini ya taa, inang'aa kama ndoo mpya. Akaniambia, "Kaka, hii huipati tena Tanga nzima. Kuna mtu wa Arusha kashalipia lori, keshokutwa anaipakia. Mimi nakupa wewe kwa sababu ni mwenyeji." Nikatuma nusu palepale kwa simu, nusu nyingine asubuhi ilipopakiwa kwenye Canter. Makosa yangu mawili ni hayo: nimenunua usiku, na nimekwenda bila fundi.

Fundi wetu wa kuchomelea ni mzee wa Makorora, ameshughulika na Landrova tangu ujana wake. Alipofika hakusema neno. Alichukua nyundo ndogo akaanza kuigonga kutoka mbele, taratibu, hatua kwa hatua. Chuma kikawa kinalia, ngi, ngi, ngi. Alipofika panaposhika springi ya nyuma, sauti ikabadilika: pu. Akarudia. Pu. Akaniomba bisibisi, akaikandamiza, ikazama mpaka kwenye mpini.

Alipoichomoa ilitoka na unga wa pati, ule udongo wa kuzibia mabonde kabla ya kupaka rangi, na ndani ya pati kulikuwa na nyuzi za katani. Nilizishika mkononi nikawa siamini. Walichukua katani, wakailoweka gundi ya faiba, wakashindilia kwenye matundu ya kutu, juu wakapiga pati, wakasugua kwa grenda mpaka pakalainika, kisha wakamalizia na rangi ya fedha. Tulihesabu sehemu 7 za namna hiyo, na 2 kati yake ni pale hasa springi inaposhikwa. Fikirini gari imebeba watu inateremka kutoka Amani, kona baada ya kona, halafu mshiko wa springi unachomoka. Kijana wangu ndiye angekuwa amekaa kushoto kwangu.

Kuna jambo jingine zito kuliko hilo. Kwenye hizi Series III namba ya chasi hugongwa kwenye mshiko wa springi ya mbele, upande wa kulia. Kwenye ile niliyouziwa, tulipokwangua rangi pale tukakuta pamechomelewa, pamesagwa, na namba imegongwa upya, tarakimu zimepinda. Sijui chasi ile imetoka kwenye gari ya nani. Ukiifunga kwenye gari yako, namba haifanani na ile ya kwenye kadi ya gari, na siku polisi wakikukagua mwenye kujieleza ni wewe.

Kwa hiyo ukiitiwa chasi ya namna hii, nenda mchana, na nyundo, sumaku, tochi na kitambaa chenye tina, ile ya kuyeyushia rangi. Zinki ya kweli si rangi ya kupaka. Chasi nzima huzamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka kwa joto la nyuzi 450 hivi, kwa hiyo inaingia mpaka ndani. Mulika tochi kwenye matundu: ndani pawe na rangi ileile ya kijivu kama nje. Ya kwangu ndani ilikuwa nyekundu tupu. Futa kwa tina: zinki haitoki, ile yangu iliacha kitambaa chote kimekuwa cha fedha. Sumaku inanasa kwenye chuma hata kama kina zinki, ila juu ya pati nene inaanguka. Na msibabaishwe na mng'ao, kwa sababu zinki ya kweli ikikaa miezi kadhaa nje hufifia. (Mkiipata ya kweli na mkataka kuichomelea, sageni kwanza zinki ya mahali hapo na mfanyie kazi nje penye upepo. Ule moshi mweupe unaleta homa.)

Nilipomrudia muuzaji alinijibu kwamba mali ikishatoka uwanjani kwake haina marejesho, na kwamba niliikagua mwenyewe nikaridhika. Tangu siku hiyo hapokei simu. Nimeripoti polisi, nimepewa RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu), na rekodi za malipo ninazo. Jina lake nimelikabidhi huko, hapa silitaji.

Sisi tumerudi kwenye chasi yetu ya zamani. Tumekata kila palipooza, na mzee anachomelea sahani mpya za chuma cha milimita 2, kipande baada ya kipande. Itachukua miezi, lakini namba yake inalingana na kadi. Ile ya katani iko uani kwangu mpaka polisi waitake. Kama umeonyeshwa chasi yenye rangi ya fedha hapa Tanga na una wasiwasi, niandikie uje uione hii kwanza, nyundo ninayo.