Sindano ya seli shina kwa uti wa mgongo nchini India: uzoefu wangu na alama ninazotoa

Nianze na alama, maana ndizo wengi wanazozitafuta. Uuguzi wa wodini: nne kati ya tano. Mazoezi tiba: tano kati ya tano. Maelezo kabla ya kulipa: mbili. Seli shina zenyewe, yaani seli changa zinazodaiwa kuweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, sizipi alama, kwa sababu hakuna kipimo kilichoonyesha kwamba zimefanya kazi. Jeraha langu ni la T10 (pingili ya kumi ya kifuani), daraja A (kamili), lililokwisha kupita mwaka mmoja. Tiba ni ile wanayouziwa wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki kwenda India: uboho wako mwenyewe unavutwa kwenye nyonga, unachujwa maabara, kisha unadungwa mgongoni. Jina la hospitali silitaji. Ninachotaka ndugu zangu mlio kwenye viti vya magurudumu mkijue ni jinsi ya kuipima huduma hii kabla familia haijauza kiwanja.

Jambo la kwanza, na ndilo linalorukwa zaidi, ni kupimwa nyumbani na mtu asiyelipwa na hospitali inayokuuzia seli. Kipimo ni kile cha ASIA, kipimo cha kimataifa cha majeraha ya uti wa mgongo kinachotoa daraja A (jeraha kamili) hadi E (hali ya kawaida). Kwa Tanzania waulize taasisi ya mifupa, MOI, pale Muhimbili au hospitali ya KCMC Moshi. Kenya ipo hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo Nairobi. Misuli kumi kila upande inapewa alama 0 hadi 5, jumla 100. Hisia zinapimwa sehemu 28 kila upande, kwa pamba na kwa pini, kila sehemu 0 hadi 2, yaani 112 za pamba na 112 za pini. Mwisho daktari anaingiza kidole njia ya haja kubwa kuona kama unahisi na kama unaweza kubana. Asiyefanya hivyo hajakupima, kwa sababu bila hapo haiwezi kuthibitishwa kwamba jeraha ni kamili, yaani daraja A. Chukua nakala ya fomu yenye muhuri, na miezi sita baada ya tiba urudi kwa mpimaji yuleyule. Wapimaji wawili tofauti wanaweza kutofautiana alama kadhaa za hisia bila chochote kubadilika mwilini mwako.

Bila fomu hiyo utabaki na karatasi ya kuruhusiwa iliyoandikwa "mgonjwa ameimarika kukaa, nguvu za kiwiliwili zimeongezeka". Hayo ni ya kweli. Ila hayakuambii yameletwa na nini, kwa sababu kila kifurushi cha seli huuzwa pamoja na mazoezi mazito ya kila siku: kusimamishwa kwenye meza ya kuinamishwa, mikanda ya kuning'inizwa, kunyanyua vyuma, kujihamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Mtu aliyelala nyumbani miezi mingi bila mazoezi ya maana ataimarika kwa ratiba hiyo hata akidungwa maji ya chumvi. Mimi nilipata mizania nzuri zaidi ya kukaa na mabega yenye nguvu. Alama za miguu zilibaki zilezile, na mstari wa hisia, pale hisia zinapoishia, haukushuka hata sehemu moja.

Sasa utaratibu wenyewe. Wanataka picha za MRI kwenye CD au flash, siyo ripoti iliyopigwa picha kwa simu. Watapima VVU, homa ya ini B na C, kaswende, damu kuganda na mkojo. Kidonda cha kulalia kilicho wazi kwenye tako au kiuno huahirisha kila kitu, na hapo unalipia kitanda huku unasubiri kipone, kwa hiyo kitibu kabla ya kukata tiketi. Ukiwa na maambukizi ya mkojo yenye homa, hali ni hiyohiyo. Taja dawa zote unazotumia. Za kuyeyusha damu ni lazima zisimamishwe kwa maelekezo ya daktari kabla ya sindano ya mgongo, kwani damu ikivujia kwenye mfereji wa uti inaweza kubana mishipa na kukupunguzia hata kile kidogo ulicho nacho. Baklofeni, dawa ya kupunguza kukakamaa kwa misuli, ni kinyume chake: usiiache ghafla hata kama muuguzi kasahau kukuandikia, maana kuikata mara moja huleta kukakamaa kukali, kuchanganyikiwa na hata degedege.

Uboho unavutwa nyuma ya mfupa wa nyonga, kwa ganzi, takribani mililita 100 hadi 120, kwenye mabomba yenye heparini ili usigande. Wenye jeraha la chini ya kiuno au lisilo kamili watahisi mvuto mzito kama jino linang'olewa. Sisi wa T10 daraja A hatuhisi kitu pale nyongani. Ila kutohisi kusikudanganye: mgandamizo wa kuzuia damu lazima ukae vizuri, na usilalie upande huo saa za mwanzo.

Maabara hutenganisha chembe nyeupe zenye kiini kimoja kwa mashine ya kuzungusha, wanahesabu, wanapima uhai kwa rangi ya bluu inayoingia kwenye seli zilizokufa tu, na siku hiyohiyo unadungwa. Hapa ndipo wengi wanapotoshwa. Utaonyeshwa karatasi ya mamilioni mengi ya "seli". Hizo ni chembe zote zenye kiini kimoja. Zile seli shina za mesenkaima (za aina inayotengeneza mifupa, gegedu na mafuta) zinazotangazwa kwenye vipeperushi ni karibu 0.001 hadi 0.01 tu kwa kila mia ya chembe za uboho. Ndiyo maana majaribio makini huzikuza maabara kwa wiki kadhaa kabla ya kuzitumia. Ukiambiwa zako zimekuzwa, au zimetoka kwenye kitovu cha mtoto mwingine, dai cheti cha kundi hilo la seli. Kionyeshe alama za utambulisho zilizo juu ya seli, CD73, CD90 na CD105, kwa angalau asilimia 95 ya seli, CD34 na CD45 zisizidi asilimia 2, uhai wa seli usiopungua asilimia 70, na matokeo ya vipimo vya bakteria, maikoplazma (bakteria wadogo sana) na endotoksini (sumu ya bakteria). Wanaojua kazi yao wanacho. Anayekujibu kwamba ni siri ya kampuni, usimpe mgongo wako.

Sindano inaingia kati ya pingili za chini za kiuno, kama L4 na L5, na seli zinaachwa kwenye maji yanayozunguka uti. Waliowekewa vyuma waonyeshe eksirei mapema, ili mdungaji ajue nafasi ipo wapi. Omba sindano nyembamba yenye ncha ya penseli, kwa mfano geji 25; inapunguza sana maumivu ya kichwa. Maumivu hayo yana tabia moja: ukikaa yanazidi, ukilala yanapungua. Maji, kahawa na kulala huwasaidia wengi. Homa, shingo kukaza na kuchukia mwanga ni habari nyingine kabisa: hizo ni dalili za uti wa mgongo kuingia wadudu, mwite daktari usiku huohuo.

Kwa walioumia T6 kwenda juu kuna hatari ambayo muuguzi wa wodi ya kawaida anaweza asiijue. Kichwa kinachogonga, jasho na wekundu juu ya jeraha huweza kuwa presha iliyoruka kwa sababu kibofu kimejaa, choo kimekwama, au nguo imebana mahali. Presha ya kawaida ya mwenye jeraha la juu ni ya chini, namba ya juu mara nyingi 90 hadi 110, kwa hiyo 140 inayoonekana "nzuri" kwa wengine kwako ni dharura. Na tiba yake ni kinyume cha ile ya maumivu ya sindano: hapa mgonjwa anakalishwa wima, nguo zinalegezwa, mpira wa mkojo unakaguliwa kama umejikunja au umeziba. Ukimlaza kwa kudhani ni maumivu ya sindano, presha inazidi kupanda na anaweza kupata kiharusi. Pima presha kwanza, kila mara. Msindikizaji wako alijue hili kabla hamjapanda ndege, na mashine ndogo ya presha iwe kwenye begi lenu.

Kuna waliopata kukakamaa zaidi au maumivu ya kuungua miguuni baada ya sindano. Wauzaji hupenda kuyaita dalili kwamba mishipa inaamka. Kukakamaa huongezwa pia na mkojo wenye wadudu, kidonda au choo kigumu, na hivyo ndivyo vya kutafuta kwanza.

Kisheria, mwongozo wa taifa wa India wa 2017, uliotolewa na baraza lao la utafiti wa tiba, ICMR, pamoja na idara ya bioteknolojia, unakubali seli shina kama tiba ya kawaida kwa upandikizaji wa uboho kwenye magonjwa ya damu. Uti wa mgongo haumo. Huko ni utafiti, na unapaswa kuwa na kibali na namba ya usajili wa majaribio ya India, CTRI. Omba namba hiyo na uisome mwenyewe: wagonjwa wangapi, kundi la kulinganisha (wasiopewa seli) lipo au halipo, nani anafadhili. Kusajiliwa peke yake si kuidhinishwa. Na jaribio la kweli kwa kawaida halimtozi mshiriki bei ya kile kinachojaribiwa. Ukiona bei, wewe ni mteja.

Je, sayansi haina matumaini? Inayo, na ninaifuatilia kwa moyo wote. Japani iliidhinisha kwa masharti Stemirac mwishoni mwa 2018, seli za mgonjwa mwenyewe zinazokuzwa na kurudishwa kwa dripu, ila uboho unachukuliwa ndani ya siku 31 tangu kuumia, na idhini ilitegemea watu 13 bila kundi la kulinganisha, jambo lililokosolewa sana. Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, kiliwapandikizia watu wanne seli milioni mbili kila mmoja ndani ya siku 14 hadi 28 tangu ajali. Machi 2025 walitangaza kuwa wawili walipanda daraja, mmoja wao akaweza kusimama. Mayo Clinic ya Marekani ilichapisha 2024 matokeo ya watu kumi waliodungwa seli milioni 100 za mafuta yao wenyewe. Saba walipanda angalau daraja moja, nao pia bila kundi la kulinganisha. Muda tangu kuumia una uzito, kwa sababu miezi ya mwanzo mwili wenyewe hurudisha kiasi, na baadaye kovu na mashimo ya maji huziba njia. Aliyeumia mwezi uliopita na aliyeumia miaka mitano iliyopita hawanunui kitu kimoja, hata bei ikiwa moja. Tena, ukishadungwa seli za kliniki, majaribio mengi yatakukataa baadaye. Hili halikutajwa kwenye maelezo niliyopewa, na ndilo ningependa kila kijana aliyeumia karibuni alisikie kabla ya kutoa pesa.

Safari: viza ya matibabu ya India inaruhusu wasindikizaji wawili, na mnaotoka Kenya au Uganda mnahitaji cheti cha homa ya manjano. Mipira ya mkojo ibebe yote mkononi, zaidi ya hesabu yako, ukijua unatoa mkojo kila saa nne hadi sita na kibofu kisizidi mililita 500. Mto wa kiti ukae chini yako ndani ya ndege, usiende na mizigo. Jinyanyue kila nusu saa. Vua mapande yote yanayochomoka kwenye kiti kabla hakijachukuliwa mlangoni. Kidonda kibaya cha kulalia kinaweza kuanzia kwenye safari ndefu, kabla hata hujafika hospitalini.

Bei ya kifurushi dai iandikwe kipengele kwa kipengele: sindano ngapi, MRI ya marudio, chakula na kitanda cha msindikizaji, pempasi, dawa, na gharama za kukaa zaidi ukipata homa. Sentensi ya "duru ya pili huleta matokeo zaidi" huja karibu na kuruhusiwa, wakati mgonjwa ana matumaini na familia iko mbali. Jibu langu lilikuwa fomu ya ASIA: nionyesheni alama iliyopanda kwanza.

Ukishadungwa, weka faili maisha yote: aina ya seli, zimetoka wapi, idadi, tarehe, mahali sindano ilipoingia. Mwaka 2014 iliripotiwa habari ya mwanamke aliyepandikizwa tishu ya pua kwenye uti wa mgongo nchini Ureno; miaka minane baadaye alikutwa na uvimbe uliokuwa ukitoa ute. Mwaka 2016 ikaripotiwa ya Mmarekani mwenye kiharusi aliyedungwa seli China, Argentina na Mexico, akaota uvimbe mgongoni wenye vinasaba visivyo vyake. Uboho wako mwenyewe usiokuzwa una hatari ndogo kuliko hizo, lakini ufuatiliaji ni uleule. Maumivu mapya, ganzi inayopanda juu ya mstari wako wa zamani, au mkono unaopoteza nguvu: piga MRI wiki hiyohiyo, na mwambie daktari wa mionzi kwamba ulidungwa seli, za aina gani na mwaka gani, maana asipojua atatafuta kitu kingine.