Daktari wangu wa presha: kwa nini nilihamia kwingine

Niseme mapema: daktari huyu si mbaya. Majirani zangu wanatibiwa kwake na wanamsifu, na kliniki yake hapa Dar es Salaam ni safi, bima inapita bila mizozo, dirisha la dawa halina foleni. Ila mimi naye hatukuendana.

Nilifika kwake kwa sababu presha ilikuwa inasoma juu ya 140/90 kila nikipima. Akaniandikia enalaprili, dawa ya kawaida kabisa, na presha ikashuka. Baada ya muda kikaanza kikohozi kikavu, kinachoniamsha usiku kama niliyepaliwa na pilipili. Nikamweleza. "Mama, vumbi tu hilo, Dar nzima inakohoa." Nikapewa antibayotiki. Niliporudi, dawa ya maji. Halafu dawa ya mzio. Eksirei ya kifua ikatoka safi, na kikohozi kipo palepale.

Kilichonishtua zaidi ni pale nilipojikuta ndani ya daladala nachagua lipi nimwambie na lipi niache, nisije nikamchosha. Yeye macho kwenye kompyuta, mimi naongea na sikio lake. Nikiuliza swali, jibu ni "usijali". Hata presha alinipima juu ya mkono wa blauzi huku anapiga soga na nesi, nami ndio kwanza nimemaliza kupanda ngazi. Kipimo cha presha kinataka ukae umetulia kama dakika tano, umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono wazi usawa wa moyo, na asiwepo anayeongea. Bango lenye maelekezo hayo limebandikwa ukutani mle mle chumbani kwake!

Wengi wakisikia nimehama wanadhani alikuwa mkali. Hapana. Huyu niliye naye sasa ndiye mkali: hacheki, na alinisema kuhusu chumvi mbele ya binti yangu. Lakini siku ya kwanza tu, baada ya shikamoo, aliuliza: "Mama, dawa zote unazotumia umekuja nazo? Hata za mitishamba?" Nikamwaga kimfuko changu mezani. Akashika pakiti moja moja, anasoma, anaweka pembeni, mpaka akafika kwenye enalaprili.

"Kikohozi kilianza kabla ya hii au baada?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Akanieleza kwamba kikohozi kikavu ni athari inayojulikana ya kundi hilo la dawa, na sisi wanawake hutupata zaidi kuliko wanaume. Akanibadilishia losartani, ambayo kwa kawaida haileti shida hiyo, na akanipangia siku ya kurudi kupima presha na figo. Kikohozi hakikukatika mara moja. Kilififia taratibu, wiki baada ya wiki, hadi nikalala usiku kucha. (Anayekohoa asije akaacha dawa yake kwa sababu ya maneno yangu. Presha hupanda kimya kimya. Chukua pakiti, nenda nayo kwa daktari, uliza.)

Kuhama kwenyewe nilikuwa nakuogopa bure. Niliomba mapokezi wanichapie muhtasari wa matibabu na majibu ya vipimo, nikadhani nitaulizwa kulikoni. Dada wa pale akachapa, akagonga muhuri, akanitakia afya njema. Karatasi hizo zimenisaidia sana, maana daktari mpya hakurudia eksirei.

Kliniki ile naipa nyota tatu kati ya tano. Maabara yao naitumia mpaka leo: anayetoa damu ana mkono mwepesi, na majibu unayapata siku hiyo hiyo. Daktari mwenyewe atamfaa mtu ambaye dawa imemkubali na hana maswali mengi. Ukiwa na maswali kama mimi, pale pale kuna daktari mwingine wa zamu ya jioni, na nasikia yeye husikiliza.